HESABU YA MLINZI

Mazungumzo juu ya fedha, mali na watumishi wa idara za mazingira, yaliyotolewa Mpapura, Wilaya ya Mtwara



 Sisi tumetoka visiwani, nyinyi ni watu wa bara. Hata hivyo bahari inayopiga Msimbati ndiyo inayopiga Makunduchi na Wete, na kusi na kaskazi zinazovuma kwenu ndizo zinazovuma kwetu. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ama sisi dawa hatukuja nayo. Tumekuja na suala, na suala lenyewe ni la hesabu.

Tunajua kwamba neno hesabu huwatia watu usingizi. Mtu akisikia kwamba idara fulani ya serikali imetoa taarifa ya mwaka ya fedha zake, mali zake na watumishi wake, hudhani kuwa hayo ni mambo ya makarani wa Dodoma, wala hayamhusu mwenye jembe au mwenye wavu. Sisi tunasema kinyume chake. Taarifa ile ni ya mlinzi wa mali yenu. Mtu akiweka mlinzi katika shamba lake la mikorosho, mwisho wa mwaka haulizi tu kama mlinzi amelipwa mshahara na kama tochi yake ingali nzima. Huuliza mikorosho iko mingapi. Nasi leo tunataka kukuonyesheni kwamba taarifa za walinzi wa mazingira yetu hueleza vizuri khabari za mshahara na tochi, na hunyamaza juu ya mikorosho.

Tuanze na kisa ambacho mkoa huu unakijua kuliko mikoa mingi. Wazee miongoni mwenu wamesimuliwa na baba zao juu ya Mradi wa Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta baada ya vita, iliazimia kulima karanga katika Tanganyika juu ya ekari zaidi ya milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Katika mpango ule yalihesabiwa matrekta, wakahesabiwa watu, zikahesabiwa tani zitakazovunwa. Udongo na mvua havikupimwa kwa miaka ya kutosha. Kongwa udongo ulipokauka ukawa kama tofali, majembe ya matrekta yakavunjika, na karanga zikabaki chini zisichimbulike. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikatajwa kuwa pauni milioni 36. Reli ikafungwa katika miaka ya mwanzo ya sitini, na mataruma yakang'olewa. Mpango ule ulikuwa na safu ya kila kitu cha mwenye mradi, wala haukuwa na safu ya nchi yenyewe. Tunaomba mkumbuke jambo hilo mpaka mwisho wa mazungumzo haya.

WALINZI WENGI, MALI MOJA

Sasa tutazame ni nani anayelinda mazingira ya mwambao huu. Si idara moja. Iko Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya sera ya mazingira. Liko Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kupewa nguvu mpya kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Uko Wakala wa Huduma za Misitu, ulioundwa mwaka 2010. Kiko Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kilichotokana na sheria ya mwaka 1994, ambacho kiliweka hifadhi ya kwanza Mafia mwaka 1995, na ya pili hapa kwenu mwaka 2000, ndiyo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 650, na sehemu iliyo kubwa zaidi ni bahari. Kisha iko Halmashauri yenu ya Wilaya, na ndani yake kata, vijiji na vitongoji.

Basi chukueni mkoko mmoja tu, uliosimama katika matope ya Ruvuma. Kwa sheria ya misitu, mkoko ule una mlinzi. Kwa sheria ya hifadhi za bahari, una mlinzi wa pili. Kwa sheria ya mazingira una wa tatu, na kwa sheria ya serikali za mitaa una wa nne. Kila mmoja wa walinzi hao ana daftari lake, na katika daftari lake ameandika mashua yake, gari lake na watumishi wake. Twauliza: mkoko wenyewe umeandikwa katika daftari la nani? Jawabu ni kwamba haukuandikwa popote. Yameandikwa marungu ya walinzi wanne, na kilindwacho hakina mstari.

FEDHA

Taarifa ya mwaka ya idara yoyote hufungua kwa fedha. Mwaka wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Fedha za idara hugawiwa mafungu matatu: mishahara, matumizi mengineyo, na maendeleo. Hapo ndipo msomaji asiyezoea hudanganyika, kwani husoma fedha iliyoidhinishwa na Bunge akadhani ndiyo iliyotumika. Fedha iliyoidhinishwa ni ahadi, na iliyotoka Hazina ndiyo fedha. Mtu hali ahadi, wala mashua haiendi kwa ahadi. Kila msomapo taarifa, tafuteni safu mbili hizo, muone tofauti yake. Kisha tazameni ni fungu lipi lililopungua. Mishahara ikilipwa yote na matumizi mengineyo yakatolewa nusu, mtakuwa na walinzi waliokaa ofisini kwa kukosa mafuta ya mashua, nao si wa kulaumiwa.

Suala la pili la fedha ni la chimbuko. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi ilipoanza, fedha nyingi za kuijenga zilitoka nje: kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia na kutoka Ufaransa, zikapitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile wakatoa ushauri. Hatusemi kuwa ni vibaya. Lakini fedha ya mfadhili ina tabia ya mvua ya vuli: huja kwa kishindo na huondoka bila ya kuaga. Mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kumalizika. Mkoko na tumbawe havina. Watalii waliotegemewa kulipa ada baada ya mfadhili kuondoka hufika Serengeti na Unguja kwa maelfu, na Mtwara ni mbali. Kwa hivyo anayesoma hesabu ya hifadhi na aulize kila mwaka: katika shilingi hizi, ngapi zitakuwapo mwakani?

La tatu ni la ada. Viwanda, migodi na miradi hulipa ada za kila mwaka chini ya kanuni za Sheria ya Mazingira. Fikra iliyo nyuma yake ni nzuri, kwamba achafuaye alipie gharama za ulinzi. Lakini mzee yeyote wa kijiji anaijua khatari yake. Mlinzi anayekula kwa mkono wa yule anayemlinda dhidi yake huwa na ulimi mzito. Hatumtuhumu mtu. Tunasema kwamba pale idara inapoishi kwa ada za wale inaowakagua, taarifa yake ya mwaka iseme wazi: zilikusanywa shilingi ngapi kwa ada, ulifanyika ukaguzi mara ngapi, na wakosaji wangapi walitozwa faini. Nambari hizo tatu ziwekwe ukurasa mmoja, ili macho yazione pamoja.

Na la nne, ndugu zetu, nyinyi mnalijua kwa uchungu. Fedha inayotoka kwenu hurudi kwa njia gani? Kwa miaka mingi ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje uligawiwa: asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao, na 35 ikabaki Hazina. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa kusini wakapiga kelele bila ya kufua dafu. Mwaka 2020 makusanyo ya hifadhi za taifa, ya Ngorongoro na ya wanyamapori nayo yakaelekezwa katika Mfuko Mkuu, ili kila taasisi ikaombe kwa bajeti. Wenye kuitetea njia hii husema kuwa nchi ni moja na mfuko ni mmoja, na neno hilo lina uzito wake. Kwani iko mikoa isiyokuwa na korosho wala tembo, nayo ina watoto wa kusomeshwa. Sisi twasema hivi: ikiwa fedha yote itakwenda, na iende pamoja na barua, na barua irudi. Kijiji kijulishwe kilichotoka na kilichorudi. Mtu huvumilia kupata kidogo akijua sababu yake. Asichovumilia ni kutojua.

Mwaka 2013, katika Januari na Mei, mji wa Mtwara uliwaka moto kwa ajili ya bomba la gesi, na watu walipoteza maisha. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, visima vyake viko Msimbati, ndani ya mipaka ya hifadhi, na mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam na mtambo wa Madimba vikazinduliwa. Ukivichuja vilio vya siku zile utakuta ndani yake suala moja la hesabu: nini kinabaki hapa? Kwa miaka mingi sheria iliiruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi shilingi 3 katika kila shilingi 1,000 za mauzo. Wangapi walielezwa hilo kabla ya moto kuwaka? Hesabu isiyosomwa mchana hudaiwa usiku, tena kwa mawe.

MALI

Sasa tuje katika mali. Tangu Julai 2012 serikali ya Tanzania ilianza kufuata kanuni za kimataifa za hesabu za sekta ya umma, zinazotaka kila idara iandike mali zake zote na thamani zake. Hilo ni jambo la kusifiwa. Zamani gari la serikali lilikuwa likifa chini ya mwembe, lisijulikane lilinunuliwa lini wala kwa kiasi gani. Sasa gari huandikwa, mashua huandikwa, nyumba huandikwa, hata meza na kompyuta. Na kila mwaka hukatwa uchakavu, yaani thamani iliyopungua kwa kutumika, ili serikali ijue lini itahitaji kununua kingine.

Tafakarini basi. Idara ya mazingira ikinunua mashua, kila mwaka itaandika kwamba mashua imechakaa kwa kiasi fulani. Msitu wa mikoko ukikatwa ekari 10 katika mwaka ule ule, daftari halitaandika kitu. Injini ikiharibika, ni hasara. Mwamba wa matumbawe ukipasuliwa kwa baruti, ambao ulichukua mamia ya miaka kujijenga, si hasara kwa daftari, kwani haukuwa na thamani ndani yake tangu mwanzo. Ukikata mkoko ukauza boriti ukalipia kibali, daftari litaandika faida! Mkoko uliosimama ni sifuri. Mkoko uliolala ni mapato. Hayo hayatokani na uovu wa karani. Kanuni za hesabu za serikali zimezoea kuandika kile kilichonunuliwa au kujengwa, na mkoko haukununuliwa na mtu.

Lakini thamani yake tunaijua sisi tunaokaa pwani. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu ng'ambo ya pili ya Ruvuma, katika Cabo Delgado ya Msumbiji, kikabomoa nyumba na kuua watu. Na watu wa Mtwara walitahadharishwa nao wakae tayari. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Kwetu Unguja, mwaka 1872, tufani moja iling'oa mikarafuu karibu yote ya kisiwa, na wazee wetu walihesabu miaka kwa tufani ile. Bahari inapokuja juu ya nchi, kitu cha kwanza kukutana nayo ni mkoko. Serikali ingejenga ukuta wa saruji wenye kufanya nusu ya kazi ile, ukuta ungeandikwa katika daftari kwa mabilioni, ukakatwa uchakavu, ukawekewa fungu la matengenezo. Mkoko unafanya kazi hiyo bure, na kwa kuwa ni bure hauna fungu.

Hatudai mambo yasiyowezekana. Hatusemi kwamba kila mti utiwe bei kama samaki wa mnadani. Tunasema taarifa ya mwaka iwe na ukurasa mmoja, baada ya ule wa magari na majengo, wenye kueleza kwa ekari na si kwa shilingi: mikoko mwaka jana ilikuwa kiasi gani, mwaka huu kiasi gani, misitu ya vijiji, vivyo hivyo, miamba iliyo hai na iliyokufa. Mtu asiyejua kusoma mizania ya shilingi atausoma ukurasa huo kwa urahisi, na yeye ndiye mwenye mali.

WATU

Tumalizie na watumishi. Mtakumbuka kwamba mwaka 2016 na 2017 serikali ilifanya msako mkubwa wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila ya mtu nyuma yake, na wa vyeti vya kughushi. Na mwezi wa Aprili 2017 walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki.

Ama sisi tunataka kukuonyesheni upande wa pili wa shilingi hiyo. Mtumishi hewa ni mshahara usio na mtu. Lakini katika idara za mazingira kuna pia mtu asiye na mshahara, na hakuna aliyemsaka. Sheria ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa usimamizi wa mazingira, na ikashuka mpaka chini: kata iwe na afisa, kijiji kiwe na afisa, hata kitongoji, na ziwepo kamati za mazingira. Maneno hayo ni mazuri. Lakini someni orodha ya watumishi katika taarifa ya mwaka, mtafute afisa mazingira wa kitongoji. Yumo katika sheria, hayumo katika orodha ya mishahara. Kazi imeandikwa na mfanyakazi hakuandikwa. Ikiwa ile ya kwanza ilikuwa mishahara hewa, hii ni kazi hewa, na serikali inayochukia moja na iichukie na ya pili.

Mwambao huu una ushahidi wake. Katika miaka ya tisini baruti ilipokuwa ikilipuka mchana kweupe katika bahari ya Mtwara na Lindi, waliosimama kwanza kuizuia walikuwa wavuvi wenyewe wa vijijini, waliojiunga katika Shirikisho lao, wakisaidiwa na mradi wa maendeleo wa Kifini. Mwenye kumzuia mpiga baruti alikuwa huenda anamzuia jirani yake, au mtoto wa ndugu yake. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, sare wala malipo ya uzeeni. Baadaye zikaja hifadhi, ofisi na mashua, na katika taarifa za mwaka wakaandikwa askari wenye vyeo. Wale wa mwanzo hawakupata mstari. Hata leo kamati za kijiji na vikundi vya usimamizi wa fukwe hufanya sehemu kubwa ya ulinzi kwa kujitolea. Idara ikijisifu kwamba imelinda bahari kwa watumishi wachache, na iseme kweli: wachache waliolipwa, na wengi wasiolipwa.

Tena kuna kile ambacho watu wametoa. Mvuvi aliyeambiwa aache wavu wa matundu madogo alitoa chakula cha siku zile. Mama aliyekatazwa kukata kuni mikokoni alitoa masaa ya mwendo wa kuzifuata mbali. Kwetu Unguja, Jozani ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, kima punju walikuwa wakila mazao ya wakulima wa jirani, na mkulima hakuruhusiwa kuwagusa. Hata hivyo huko palipatikana fikra ya haki: sehemu ya ada ya wageni ikatengwa kwa vijiji na kwa wakulima waliopata hasara. Hatusemi kuwa Jozani ni pepo, wala kuwa visiwani mambo yetu yote yamenyooka. Taarifa za kwetu nazo tunazidai vivyo hivyo. Tunasema kwamba siku walipokubali kuihesabu hasara ya mkulima, kima alianza kuwa mali ya kijiji badala ya kuwa adui yake.

TUFANYE NINI

Mtatuuliza: sasa nyinyi wageni mnatwambia tufanye nini? Tunataka kuwa wakweli. Hatuna uwezo wa kubadilisha kanuni za hesabu za dunia kutoka kivuli hiki cha Mpapura. Lakini ziko njia tatu zilizo wazi, na hazihitaji ruhusa ya mtu.

Ya kwanza: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa Katiba ibara ya 143, hukagua hesabu zote za serikali kila mwaka. Taarifa yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwekwa mbele ya Bunge. Tangu hapo si siri tena. Kijana aliyesoma aipate, atafute kurasa za idara zinazowahusu, awasomee wazee. Itakuwa imepita miezi tisa tangu mwaka ule kufungwa, lakini deni halifi kwa miezi tisa.

Ya pili: sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mkutano huo ni Bunge lenu. Mara nyingi watu hawaendi, kwa kuwa wamechoka kusikia porojo. Nao wasipokwenda, porojo huwa sheria. Nendeni, mpeleke masuala matatu tu. Fedha: iliahidiwa ngapi, ilitoka ngapi, ilitoka kwa nani? Mali: mbali na gari na mashua, msitu na mikoko vimepungua au vimezidi? Watu: ni nani anayelinda, na katika hao ni nani anayelipwa? Masuala haya matatu mtoto wa darasa la tano ataweza kuyashika kwa moyo.

Ya tatu: andikeni wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia, na kubaki na mapato yake. Hapo jirani, Wilaya ya Kilwa, vijiji vilitenga misitu yao ya mipingo, vikahesabu miti yao, na mwaka 2009 vikawamo katika cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vyema, kwa kusaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo. Kijiji cha Kikole ni mmoja wa mifano yake. Waliyahesabu yaliyo yao kabla ya kuuza hata gogo moja, na mnunuzi alipokuja alikuta wenye mali wana daftari. Mwenye daftari hadanganywi kwa urahisi, na mwenye ahadi za mdomo hupewa ahadi za mdomo.

Ndugu zetu, hatukuja kuwachochea muwachukie watumishi wa serikali. Wengi wao ni watoto wenu. Wanakaa vituo vya mbali, mashua haina mafuta, na mkubwa wao anataka taarifa kwa wakati. Mtumishi wa namna hiyo atafurahi siku kijiji kitakapouliza suala la mafuta, kwani yeye mwenyewe haruhusiwi kulipigia kelele. Kuidai hesabu ni kumsaidia mlinzi mwema na kumfichua mwovu, na yule anayechukia kuulizwa amekwisha kujibu.

Mradi wa Karanga uliondoka na pauni milioni 36 za watu wengine, na udongo ukabaki. Safari hii kinachoweza kuondoka ni udongo wenyewe, mikoko yenyewe na samaki wenyewe, huku daftari likionyesha kwamba magari yote yapo na hesabu imekaa sawa. Basi mwakani, taarifa ya mlinzi itakaposomwa, msisinzie. Mali bila daftari hupotea bila khabari.